Kumtafuta Mdogo Wangu Kwenye Sinema za Mapanga

Mdogo wangu aliuawa kwa upanga mbele ya mama yetu, Jumamosi mchana, mama akiwa kwenye kiti chake karibu na dirisha na bakuli la ndizi mapajani. Upanga ulipita shingoni, kofia ya chuma ikadondoka, na kijana akalala kwenye matope macho yakiwa wazi. Mama aliweka bakuli chini, akachukua rimoti, akarudisha picha nyuma. Akamwangalia akiuawa tena. Halafu akalia kwa sauti iliyosikika mpaka nje kwenye migomba: "Wamemuua mwanangu."

Ilikuwa sinema. Lazima niliseme mapema, kwa sababu siku ile watu wengi walichelewa kulijua, na wapo ambao hata walipolijua hawakuona kwamba linabadilisha kitu. Mdogo wangu ni mmoja wa vijana wanaolipwa kufa katika sinema za Kichina za mapanga. Tulikuwa hatujasikia sauti yake tangu msimu wa kahawa uliopita. Mama alitaka kujua jambo moja tu, kama mwanawe yu hai, na hakuwa na mahali pengine pa kumtafuta isipokuwa ndani ya sinema hizo.

Sinema za mapigano ziliingia kwetu kupitia yeye. Nyumbani ni mlimani, kwenye mteremko wa Meru, kahawa chini ya migomba, kanisa la Kilutheri juu ya barabara na mfereji chini yake. Mimi nilishahamia mjini, nikapanga Lemara na kufanya kazi ya kukusanya habari za redio. Alipoanza sekondari alikuja kuishi kwangu, na baada ya muda mfupi nikajua kwamba akichelewa kurudi, yuko Levolosi kwenye banda la video. Nilimfuata mara nyingi. Mabenchi ya mbao, watu wamebanana, joto la miili, na mbele runinga ambayo juu ya sauti ya Kichina ilikuwa na sauti ya Mtanzania akitafsiri bila kupumua. Mtafsiri yule hakujua Kichina. Alijua watazamaji wake. Mzee mwenye ndevu nyeupe akiinua kidole, mtafsiri alisema, "Kijana, umekuja kwangu mikono mitupu, hata kilo ya sukari huna," na banda zima likaangua kicheko.

Mdogo wangu hakupenda kutafsiriwa. Alisema mtafsiri anawafanya watu waangalie mdomo wakati kazi inafanywa na miguu. Kwake sinema hizi zilikuwa za aina mbili, zile ambazo watu wanapaa na zile ambazo miguu inabaki chini, na aliwadharau wanaopaa.

"Dada, mtu akipigwa teke la kifua anarudi nyuma. Hapai. Huyo amevutwa na kamba."

"Nimeshajua amevutwa na kamba. Twende nyumbani."

"Hujajua. Wewe huangalii, unasubiri iishe."

Ni kweli nilisubiri ziishe. Kwa maoni yangu zilikuwa sinema moja iliyopigwa mara nyingi. Mwalimu anauawa, mwanafunzi anapanda mlima, anachota maji kwa ndoo zilizotoboka, anapigwa fimbo na kikongwe, anashuka, anaua. Kazi yangu imenizoesha kuuliza aliyekufa ni nani na anatoka wapi, na sinema hizi hazikujali swali hilo hata kidogo. Watu walianguka kama mahindi yanavyopukuchuliwa. Nilimwambia hivyo, akanicheka, akasema ukianza kuuliza majina ya waliokufa huwezi kufurahia muvi yoyote.

Maoni ya mama yalikuwa mengine kabisa. Alizikuta sinema hizi Krismasi moja, mdogo wangu alipopanda mlimani na deki ndani ya mfuko wa salfeti. Mama aliangalia akiwa anachambua maharage. Mwanzo alizisifu, kwa sababu kabla ya kupigana watu walikutanisha mikono na kuinamisha vichwa.

"Angalau wanaamkiana," alisema. "Vijana wa hapa siku hizi hata shikamoo ni shida."

Baadaye akaanza kuwa na wasiwasi. Watu hawa hawakulima. Walikuwa hotelini mchana kutwa, wanavunja meza, na hakuna aliyeonekana na jembe. "Nani anawalisha?" aliuliza. Lakini lililomwudhi zaidi, mpaka akaacha maharage, lilikuwa uwanja wa vita wa mwisho. Steringi alisimama peke yake, upepo unapeperusha nywele zake, na nyuma yake wamelala watu wengi kuliko tunaojaa kanisani siku ya Pasaka. Kisha akapanda farasi akaondoka.

"Anakwenda wapi?" mama aliuliza.

"Imeisha, mama."

"Imeisha vipi? Hawa waliolala wanazikwa na nani?"

"Mama, hao ni wa kujaza tu. Steringi ndiye wa kumwangalia."

"Steringi ana mama mmoja. Hao wengine mama zao ni wangapi?"

Kwetu mtu hafi na kuachwa. Akifia Dar es Salaam au Mwanza, watu huchangishana arudishwe, na huzikwa shambani kwake, kati ya migomba, jirani na baba zake. Baba yetu yuko pale nyuma ya jiko, hatua chache kutoka mlangoni. Kwa hiyo swali la mama halikuwa la mzaha, ingawa tulilicheka kwa miaka mingi.

Mdogo wangu alijifunza karate kwenye ukumbi wa kukodi mjini, kwa mwalimu aliyewahi kuwa askari. Baada ya hapo akapata nafasi ya kwenda China kusoma lugha. Aliisoma, kisha akaacha chuo bila kutuambia. Tulikuja kujua siku alipopiga simu ya video akiwa mbele ya ikulu ya mbao.

"Mama, nimepata kazi."

"Kazi gani?"

"Kufa."

Mama hakucheka. Mdogo wangu akaeleza kwamba yuko kwenye mji mzima uliojengwa kwa ajili ya sinema, wenye malango na mahekalu ambayo kwa nyuma ni mbao na misumari tu. Kule wanahitajika watu wengi wa kuanguka. Watu wenye rangi yake hawamo kwenye hadithi zile, kwa hiyo walimvalisha kofia ya chuma, kitambaa usoni na glavu mikononi. "Wanataka mwili wangu, sura hawaitaki," alisema, na yeye lilimchekesha. Alikuwa na mengi ya kusema kuhusu kazi yenyewe. Alisema asiyejua huanza kufa kabla upanga haujafika, na anayejua humwachia mwenzake afike, halafu miguu ndiyo hukata tamaa kwanza. Alisema siku za baridi matope ya kwenye sinema ni matope kweli.

Kina mama wa kanisani mama aliwaambia kijana wake yuko kiwanda cha vitambaa. Hakutaka kutamka mbele ya watu kwamba mwanawe anapokea mshahara kwa kufa. Kulisema jambo kama hilo kwa mdomo wako, aliniambia, ni kuliita.

Alipotutajia sinema ya kwanza aliyomo, niliitafuta na kupanda nayo mlimani kwenye flashi. Tuliiangalia na mama jioni nzima. Askari walikuwa mamia, wote wamevaa nguo nyeusi, wote wamefunikwa nyuso. Nilikata tamaa kabla ya nusu. Mama aliendelea, amesogeza kiti mpaka karibu na kioo, na ghafla akagusa runinga kwa kidole.

"Huyu."

"Umejuaje?"

"Rudisha uone anavyoanguka."

Nilirudisha. Alipokuwa mdogo, mdogo wangu alianguka kutoka juu ya mparachichi akavunjika kiwiko cha kushoto, na kikaunga vibaya. Tangu siku hiyo, akianguka hukunja kwanza mkono ule tumboni, kisha hujigeuza hewani na kutanguliza bega la kulia. Mimi nililala naye chumba kimoja utotoni na nilikuwa sijawahi kuligundua. Askari yule, nyuma ya farasi wa jenerali, alikatwa, akakunja mkono wa kushoto tumboni, akajigeuza, akaanguka kwa bega la kulia. Tulipomuuliza kwenye simu alithibitisha. Nyuma ya farasi wa jenerali, ndiyo, alikuwa yeye.

Kuanzia hapo mama akawa mtazamaji ambaye sijapata kuona mfano wake. Hakujali hadithi wala steringi. Aliwaangalia wanaoanguka. Alijua kampuni zipi huwaacha maiti wamepangwa vizuri na zipi huwapitishia farasi karibu na vichwa, na hizo za pili alizilaani kwa utulivu. Alizipenda sinema ambazo miguu inabaki chini, sawa na mwanawe, lakini kwa sababu yake mwenyewe. Anayevutwa kwa kamba haanguki kwa namna yake, alisema, huanguka kwa namna ya kamba.

Sinema nilizipata kwa kijana mmoja mwenye kibanda Kwa Mrombo, karibu na soko, anayewawekea watu muvi kwenye flashi. Siku moja mama aliposhuka mjini kwa ajili ya goti lake nilimpitisha pale.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeniletea hizi za kuruka?"

"Bibi, hizo ndizo zinazotoka. Watu wanapenda."

"Mimi nitafutie zenye vita. Vita vikubwa, vyenye askari wengi wanaokufa."

Kijana alinitazama mimi kwanza, kisha mama na kitenge chake cha kanisani.

"Bibi, wewe ni hatari," alisema. "Sawa. Damu nyingi au ya kawaida?"

"Hiyo ya damu siyo shida. Wasiwe wanapitishwa haraka tu. Niwaone."

Alikuwa na maoni yake pia, yule kijana. Aliamini Wakorea wanajua kulia, Wajapani wanajua kunyamaza na Wachina wanajua idadi. Mama alimwambia basi amletee wenye idadi.

Kisha simu zikakoma. Alipopiga mara ya mwisho tulikuwa tunachuma kahawa. Mama alimwonyesha buni nyekundu kwenye kikapu, naye akasema ukifika mwisho wa msimu atatuma picha akiwa amepanda farasi. Picha haikuja. Ujumbe niliomwandikia ulibaki na tiki moja. Namba ikawa haipatikani. Nilifanya yale ambayo mtu wa kazi yangu anayajua. Nilimtafuta kijana wa Moshi aliyesoma naye lugha, akasema walipotezana tangu mdogo wangu aache chuo. Niliandikia ofisi zinazohusika na watu wetu walio nje, nikajibiwa kwa adabu kwamba bila anwani yake ya mwisho hawana pa kuanzia. Anwani ya mwisho niliyokuwa nayo ilikuwa ikulu ya mbao. Kila Jumapili mama aliniuliza nimefika wapi, nami nilimpa taarifa kwa mpangilio, nani nimempigia na nani amesema nini, mpaka nikagundua kwamba mpangilio ule ulikuwa unanisaidia mimi peke yangu.

Mama hakulaumu. Alisema nimletee sinema mpya.

Jumamosi ile nilimpandishia flashi asubuhi, nikaichomeka, nikaondoka kwenda zahanati kumchukulia dawa ya goti. Yaliyotokea nikiwa sipo nimeyapata kwa mama na kwa shangazi, na maelezo yao yanalingana.

Vita vilikuwa mtoni, kwenye mvua. Mama alimtambua kwa mkono wa kushoto, kama kawaida. Lakini safari hii kofia ya chuma ilidondoka na kitambaa kikaenda nayo, na kwa mara ya kwanza katika sinema zote alizoziangalia akauona uso wa mwanawe. Ulikuwa umejaa matope, ndiyo maana labda wenye sinema hawakuujali. Macho yalikuwa wazi na hayakupepesa. Baada ya miezi yote ile ya tiki moja, ndivyo mama alivyokutana naye.

Shangazi yetu, dada yake baba, anakaa ng'ambo ya mfereji. Alikuwa anakuja kuazima ungo. Alipofika kwenye ua wa masale akasikia kupitia dirishani: "Wamemuua mwanangu." Mtu wa mahali pengine angeingia aulize. Shangazi hakuingia. Kwetu huingii nyumba yenye msiba mikono mitupu, na yeye alikuwa amekuja kuazima. Aligeuka palepale kwenye ua, akarudi kwake kukata mkungu wa ndizi mshare, na njiani akapita nyumba mbili kuwaambia nao wajiandae.

Niliporudi alasiri nilikuta mabenchi ya kanisa yakiwa uani. Wanaume walikuwa wamekaa kimya na kofia mapajani. Jikoni moto mkubwa ulikuwa unawaka, na kwenye baraza kulikuwa na mikungu ya ndizi, mitungi ya maziwa na debe la mahindi. Nyuma ya jiko vijana walikuwa wanafyeka migomba kando ya kaburi la baba, kufanya nafasi.

Nilidhani habari imefika kwa njia nyingine.

Mama alikuwa sebuleni, ameketishwa kwenye godoro, kina mama wamemzunguka na khanga mabegani. Runinga ilikuwa imefunikwa shuka, kama inavyofanywa kwenye msiba. Nilipiga magoti karibu naye.

"Mama, nani amekupigia?"

"Hakuna aliyenipigia. Nimemwona kwenye sinema."

Nilikaa chini.

"Na hawa watu?"

"Walikuja wakanipa pole."

"Umewaambia ni sinema?"

"Hawakuuliza."

Nikatoka nje na kumtafuta mzee wa kanisa, mwanaume mpole ambaye ndiye hutangaza mambo ya mtaa wetu. Alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, binti. Tunaomba kujua mwili unafika lini, ili tujipange."

"Mzee, hakuna mwili."

"Hawajaupata?"

"Hapana. Hajafa. Ni kwamba, kazi yake ni kufa."

Aliniangalia kwa huruma, kama mtu anavyomwangalia mfiwa ambaye akili imechoka. Nilimweleza tangu mwanzo, banda la Levolosi, chuo, ikulu ya mbao, kitambaa usoni. Alisikiliza vizuri. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo aliyekufa ni nani?"

"Hakuna aliyekufa."

"Na mama yako analia nini?"

Shangazi alikuwa amesogea na kusikia.

"Subiri," alisema. "Mnataka kuniambia nimekata mkungu wangu mzima kwa ajili ya runinga?"

"Shangazi, ungeingia tu uulize."

"Niingie na nini? Na ungo wa kuazima?"

Mzee wa kanisa akasema njia nzuri ni kuiona. Basi shuka ikaondolewa, wanaume wakaingia na kofia zao, waliokosa nafasi wakasimama dirishani, na msiba mzima ukaangalia sinema ya mapanga kuanzia pale vita vinapoanza. Kwa muda walijizuia. Halafu jenerali mmoja akaruka kutoka ukingo wa mto huu hadi ule.

"Huyo amefanyaje?" mzee mmoja akauliza.

"Ameruka."

"Mto mzima?"

"Ni kamba," mama alisema kutoka kwenye godoro. "Usimwangalie huyo."

"Mbona anapigana akiwa na sketi?" jirani mmoja akanong'ona, na mwenzake akamkanyaga mguu. Mzee mwingine aliona upanga unashikwa vibaya. Kwa mshiko ule, alisema, hata mgomba huukati. Shangazi aliuliza kama damu ile ni ya kuku. Nilianza kuona mabega ya watu yanalegea, na nikafikiri tumepona, tutacheka, watakunywa chai na kurudi kwao na hadithi ya mwaka.

Kisha kijana akakunja mkono wa kushoto, akajigeuza, akaanguka, na kofia ikatoka.

Karibu wote mle ndani walimjua tangu akiwa anachunga mbuzi. Alibatizwa mbele yao. Uso wake ulibaki kwenye kioo kwa muda ambao mtu anaweza kuvuta pumzi mara moja, mvua ikimwingia machoni, kisha picha ikahamia kwenye hema la mfalme. Shangazi, aliyekuwa ameambiwa ni sinema, aliyeuliza kuhusu kuku, akajifunika uso kwa khanga akalia.

Mzee wa kanisa alisimama. "Ndugu zangu," alisema, "tumeona. Ni mchezo. Kijana yu hai. Tumshukuru Mungu tutawanyike."

"Umemwona akiinuka?" mama aliuliza.

Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza kama maziwa yamechemka. Mzee wa kanisa alinitazama. Nilirudisha picha. Kijana akaanguka, mvua ikamnyeshea, hema la mfalme likaja. Nilirudisha tena na kuipeleka polepole. Palepale anapolala, wamekata.

"Mama," nilisema, "wakishapiga picha wote huinuka. Ndiyo kazi yenyewe."

"Wewe ulikuwepo?"

Hakuna aliyeondoka. Chakula kilicholetwa kwenye msiba hakirudishwi, kwa hiyo kilipikwa, wakala ndizi na loshoro ya mahindi na maziwa, na jua lilipoanza kushuka mzee wa kanisa akaomba sala. Nilisikiliza kwa makini nione atapita wapi. Hakumshukuru Mungu kwa ajili ya uhai wa kijana wala hakuomba faraja kwa wafiwa. Alimwombea "mtoto wetu huko aliko," akasema amina upesi. Vijana walikuwa wameshafyeka migomba kando ya kaburi la baba. Waliuliza wafanye nini na nafasi ile. Mama akasema waiache ilivyo.

Jumapili nilifanya kitu pekee ninachokijua. Nilisimamisha picha pale uso unapoonekana, nikaiweka kando ya picha ya mwisho niliyoihifadhi kutoka kwenye simu yake ya video, ile ya siku ya buni. Juu ya nyusi ya kulia, kwenye sinema, kuna kovu. Kwenye simu ya mwisho halipo. Nilifurahi nikampigia mama: sinema imepigwa baada ya simu ile, kwa hiyo baada ya kunyamaza alikuwa hai, anafanya kazi, anaanguka kwa bega lake lilelile.

"Baada ya muda gani?" aliuliza.

Nilikwenda Kwa Mrombo kuuliza. Kijana wa flashi aliangalia picha zote mbili kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Sista, nisikudanganye," alisema. "Hawa jamaa kovu wanapaka. Vita vizima vile, unadhani kila mmoja amejikata kweli?"

"Na muvi yenyewe imepigwa lini?"

"Hapo hakuna anayejua. Nyingine wanapiga leo inatoka baada ya miezi. Nyingine wanakaa nayo miaka. Anaweza kuwa alipiga hii hata kabla ya hiyo simu yenu."

Niliwaandikia wenye sinema kupitia ukurasa wao, kwa Kichina cha kutafsiriwa na simu. Niliambatisha picha, nikaeleza yuko wapi kwenye mto, anaanguka vipi. Walijibu siku hiyohiyo, jambo ambalo sikulitegemea. Walinishukuru kwa kuipenda kazi yao, wakaeleza kwamba watu wa vita huletwa na mawakala, na majina yao hayahifadhiwi.

Mzee wa kanisa amenipigia tena wiki hii. Kwenye matangazo ya ibada kuna sehemu ya wagonjwa, ya wasafiri na ya waliofiwa, na anataka kujua familia yetu aisome wapi, kwa sababu watu wanamuuliza. Nilikuwa mlimani, nikampa mama simu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba avumilie kidogo. Sinema ile ina sehemu ya pili, alimwambia, na bado haijafika Kwa Mrombo.